Nyuma ya Kichwa Kilichofufuliwa

Kichwa cha treni kilichotuvuta Ijumaa hiyo, mapema mwaka 2021, kilikuwa na namba iliyoanza na 93. Waliokulia mitaa ya Nairobi iliyo kando ya reli, Muthurwa, Kaloleni au Makongeni, hawahitaji kuelezwa zaidi. Kundi la 93 liliundwa na General Electric ya Marekani mwaka 1978, Shirika la Reli la Kenya likiwa bado changa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, na vichwa, mabehewa na karakana vikagawanywa kati ya nchi tatu. Chuma kilichosimama mbele yetu kwenye Stesheni Kuu ya Nairobi kilikuwa kimepita miaka 40, na baadhi ya ndugu zake walikuwa wamekaa miaka bila kuwashwa, wameegeshwa kwenye reli za pembeni huku nyasi zikiota katikati ya magurudumu.

Nimelelewa Makongeni. Honi za treni nilizisikia kabla sijajua kusoma saa, na treni ya abiria ya jioni nimeipanda kama mtoto yeyote wa Eastlands. Lakini kusafiri mbali kwa reli, kupita Ruiru, kupita Thika, kuelekea Mlima Kenya, kulikuwa hadithi za wazee. Reli ilifika Nanyuki mwaka 1930, kisha kwa miaka mingi abiria wakaisahau. Mahali pengine vichaka vilikuwa vimeifunika kabisa. Mwaka 2020 wafanyakazi wa Shirika la Reli, wanajeshi na vijana wa Huduma ya Vijana kwa Taifa walikata vichaka hivyo, wakabadilisha mataruma, na Desemba treni ikarudi. Niliposikia, nilijua lazima niipande.

Behewani tulikuwa tumevaa barakoa na kuketi kwa nafasi. Mbele yangu aliketi mzee mmoja mwenye koti zito la kaki na kiondo, aliyekuwa akienda Karatina kumwona bintiye aliyeolewa huko. Nilimwamkia, akanijibu, kisha akainua kidole kuniomba ninyamaze. Alikuwa akisikiliza. Kichwa kilikuwa kinanguruma taratibu mbele, na yeye aliinamisha sikio dirishani mpaka aliporidhika.

"Zote kumi na mbili zinafanya kazi," akasema.

Silinda, alimaanisha. Nikamuuliza kama alikuwa dereva. Akakataa kwa kichwa. Alikuwa fundi wa dizeli, alistaafu, na maisha yake ya kazi yote aliyamaliza kati ya nyumba ya reli Makongeni na karakana. "Dereva anajua kukiendesha, mwanangu. Sisi tulikuwa tunajua kinaumwa wapi."

Treni ilipoanza kuvuta, wingu la moshi mweusi lilipanda juu ya kichwa na abiria kadhaa wakaguna. Mzee hakushtuka. Alinieleza kwamba injini za aina hii hutoa moshi mweusi dereva anapoongeza mafuta, kwa sababu tabo inayosukuma hewa ndani ya silinda huchelewa kidogo kushika kasi. Dizeli inafika kabla ya hewa ya kutosha kuichoma. Tabo ikishika, moshi unapungua. Na kweli, hatujamaliza kupita Muthurwa, moshi ulikuwa umekuwa mwepesi kama si ule. Moshi wa kuogopa, alisema, ni wa buluu, maana injini inakula oili yake yenyewe, na mweupe usiokwisha, maana kuna maji mahali pasipostahili kuwa na maji.

Habari hiyo ya maji ndiyo iliyofungua mazungumzo. Upande mmoja wa reli paa za mtaa zilikuwa zinapita, upande wa pili maghala ya Industrial Area, naye akachukua gazeti langu na kalamu, akachora pembeni maduara kumi na mawili katika safu mbili. Akatia alama kwenye yale yaliyo karibu na bomba la moshi. Kichwa kikikaa miaka nje, alisema, mvua huingia kupitia bomba hilo na kushuka mpaka ndani ya silinda. Au raba na gasketi hukauka, zikapasuka, na maji ya kupoza injini yakavujia ndani. Hewa hugandamizwa, maji hayagandamizwi. Pistoni ikipanda kwa nguvu na kukuta maji, konrodi hupinda papo hapo, na huenda injini nzima ikapasuka.

"Watu hudhani kufufua kichwa ni kutia dizeli na kubonyeza swichi. Ukifanya hivyo umekiua mara ya pili."

Kinachofanywa ni hiki. Kwenye kila silinda kuna kilango kidogo. Vyote kumi na viwili hufunguliwa, kisha injini huzungushwa kwa mikono, mafundi wakisukuma mtaimbo, polepole, mizunguko miwili kamili, kwa kuwa injini hii humaliza kazi yake katika mizunguko miwili. Mmoja anasukuma, mwingine anatazama vilango. Yakitoka maji safi, mvua imeingia. Yakitoka ya kutu, kuta za silinda zimeliwa na lazima ifunguliwe. Injini ikikataa kuzunguka, hakuna kulazimisha. Mtu anatia mafuta ya kulainisha kupitia vilango hivyo, anaenda nyumbani, anarudi kesho.

Kisha oili. Ikifunguliwa na kutoka na rangi ya chai ya maziwa, ujue maji yameshachanganyika nayo. Hapo mfumo wa kupoza hujazwa maji na kuachwa usiku kucha, na asubuhi fundi huingia chini na tochi kutafuta tone. Mzee alisema neno "tone" akinionyesha ncha ya kidole chake, na nilielewa kwamba kazi yake kwa miaka mingi ilikuwa hiyo: kulala chali chini ya tani nyingi za chuma akitafuta kitu kidogo kama hicho.

Makadara tulisimama. Hapo ndipo reli hugawanyika. Moja huendelea kuelekea Mombasa, nyingine hupinda kwenda Dandora, Ruiru na Thika. Kabla ya kupinda, nikaona kwenye reli ya pembeni gari moja la abiria lenye sura ya kigeni, miongoni mwa yale ambayo Kenya ilinunua kutoka kisiwa cha Mallorca, Uhispania, yakawasili mwaka 2020. Yalikuwa yametumika huko miaka mingi, na yaliweza kuja kwetu kwa kuwa reli za huko zina upana wa mita moja kama reli yetu ya zamani. Mzee alilitazama kwa heshima. "Kitu kizee si kitu kibovu," akasema. "Kitu kisichotunzwa ndicho kibovu."

Soko la Mutindwa lilitupunguzia mwendo. Wauza mitumba na mboga walikuwa wamejaa mpaka kando ya mataruma, na honi ilipolia waliinua vitu vyao bila haraka, kama watu waliozoea. Mama mmoja alivuta turubai lenye nyanya kiasi cha mkono tu, treni ikapita, na kabla behewa la mwisho halijamaliza alikuwa amelirudisha. Dirishani zilianza kupita ghorofa za Umoja, kisha Dandora. Watoto walikimbia sambamba nasi wakipunga mikono. Katika mitaa hii treni ndiyo usafiri wa asubuhi na jioni, kwa hiyo najua hawakuwa wakipungia treni tu. Hii ilikuwa inakwenda mbali, na walijua.

Mzee hakuacha somo lake. Dizeli iliyokaa muda mrefu, aliniambia, hugeuka utando unaonata ndani ya pampu za kila silinda. Hatari kubwa ni pampu ikinata ikiwa imefunguka. Injini ikiwaka itaendelea kupokea mafuta bila kipimo, itapanda kasi mpaka ijivunje, na swichi ya kuzima haitasaidia. Ndiyo maana siku ya kuwasha mara ya kwanza lazima mtu asimame mahali pa kukata mafuta, mkono juu ya wenzo, na kifaa cha kuzuia kasi kiwe kimejaribiwa kabla. Yeye mwenyewe alikuwa akipewa nafasi hiyo mara nyingi. Nilimuuliza kama alikuwa akiogopa. "Ndiyo," akanijibu. "Asiyeogopa hatukumweka hapo."

Wengi wetu hatujui kwamba injini ya dizeli kwenye kichwa kama hiki haizungushi magurudumu. Inazungusha mtambo wa umeme, na umeme huo ndio unaoendesha mota sita zilizofungwa kwenye ekseli sita. Kwa hiyo hata injini ikifufuka, kichwa kinaweza kukataa kutembea. Unyevu huingia kwenye nyaya za mota, na zikipewa umeme zikiwa mbichi huungua. Hupimwa, hukaushwa kwa joto kwa siku kadhaa, hupimwa tena. Breki za hewa nazo zina raba zake, na raba zote za miaka hiyo hutupwa.

Na kuna vichwa ambavyo havirudi. Mafundi husema kimechinjwa, kama wanavyosema mafundi wa magari. Kimoja hutolewa pampu, mota na magurudumu ili viwili vingine vitembee. Mzee hakuona aibu katika hilo, mradi uandike ulichotoa na ulikopeleka. Kilichomuuma ni kukuta nyaya zimekatwa usiku na watu wanaotafuta shaba ya kuuza. Mwaka uliofuata, Januari 2022, serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa muda, baada ya miundombinu ya umma kuharibiwa. Nilimkumbuka.

Kisha akanieleza kuhusu siku yenyewe. Betri za kichwa kilichokaa huwa zimekufa, kwa hiyo huvutwa nyaya kutoka kichwa kingine kilicho hai. Oili husukumwa kwanza kwa pampu mpaka ifike kila mahali. Injini inazungushwa, inakohoa, inawaka silinda tatu, tano, inatikisa shedi nzima, kisha zote. Watu wanapiga kelele. Lakini baada ya dakika chache huzimwa, kwa makusudi, na hapo mafundi hufungua milango ya pembeni ya injini na kuingiza mikono ndani, wakigusa kila beringi moja baada ya nyingine kwa mgongo wa vidole. Iliyo na joto kuliko wenzake ina tatizo. "Kipimo cha joto tulikuwa nacho," alisema. "Lakini mkono unalinganisha upesi kuliko kipimo."

Githurai, soko tena, kisha Kahawa, Ruiru. Baada ya Thika mashamba yalianza na mazungumzo yakapungua. Karibu na Maragua nililala kidogo. Kutoka Sagana reli inapanda, na hapo kichwa kilifanya kazi ya kweli. Ngurumo ilishuka ikawa nzito, mwendo ukapungua, nasi tukawa tunapanda kona baada ya kona kwa nguvu ya injini ya mwaka 1978. Mzee alisimama dirishani sehemu yote hiyo. Alishuka Karatina, bintiye na wajukuu wakimngoja, tukaagana kwa mikono miwili licha ya corona. Nilifika Nanyuki bila yeye, nikaushika ubavu wa kichwa kabla ya kuondoka. Ulikuwa wa moto.

Tangu siku hiyo nimejaribu kuelewa kwa nini vichwa hivi vinahitajika bado. Reli mpya ya upana wa milimita 1,435 ilipozinduliwa mwaka 2017 kutoka Mombasa hadi Nairobi, wengi tulidhani ya zamani imekwisha. Lakini ile mpya iliishia Suswa mwaka 2019. Mzigo wa kwenda Malaba na Uganda bado unahitaji reli ya mita moja, na abiria wa Dandora na Mwiki hawana nyingine. Wala si sisi tu. New Zealand ilianza kununua vichwa vya aina hiihii, U26C, mwaka 1972, na baada ya kuvijenga upya imeendelea kuvitumia kwa zaidi ya nusu karne. Umri wa chuma si hoja.

Hoja ni mafundi. Wale waliojua kundi la 93 tangu likiwa jipya wamestaafu, wengi wanaishi au wameishi mita chache kutoka karakana walimofanyia kazi, na sijaona mpango wa kuwauliza wanachojua kabla hawajatutoka. Vitabu vya kiwanda vinasema oili ibadilishwe baada ya muda gani. Havisemi ni silinda ipi hujaa maji kwanza kwenye mvua za Aprili za Nairobi. Chuo cha Mafunzo ya Reli kiko South B tangu mwaka 1956, na Makumbusho ya Reli yako hapo karibu na stesheni tangu 1971. Kimoja kinaweza kuwapa wazee hawa darasa, kingine kinaweza kuhifadhi sauti zao. Na wewe msomaji, kama baba yako au babu yako alikuwa fundi wa reli, keti naye wikendi hii, washa simu urekodi, umwombe akueleze anavyowasha kichwa kilichokaa miaka, tangu kilango cha kwanza mpaka beringi ya mwisho. Kisha ipeleke rekodi hiyo South B.