Picha 36

Wanaosomea uzamiaji wa ngazi ya juu Mombasa siku hizi hupelekwa kwenye Dania, meli kuukuu ya kubebea mifugo iliyozamishwa makusudi mwaka 2002 mbele ya Bamburi ili samaki wapate maskani. Imelala kwenye mita 30 hivi, na hapo ndipo mwanafunzi anapofanyia zoezi lake la kina. Sisi wa miaka ya tisini hatukuwa na meli. Tuliteremka na ukingo wa mwamba hadi unapoishia mchangani, mwalimu akitazama saa yake na jedwali la plastiki.

Mwalimu mwenyewe alikuwa mtu wa Wasini, si msemaji. Cheti cha kwanza kinakuruhusu mita 18. Kozi ya juu inakufikisha 30, ambako shinikizo ni mara nne ya lile la juu na mtungi unakwisha mbio vilevile. Naitrojeni nayo huanza kulewesha. Siku ya zoezi alishuka na nyanya na yai mfukoni. Kule chini nyanya ilikuwa ya kijivu, maana maji hunyonya rangi nyekundu kabla ya nyingine zote. Kisha akalipasua yai: ute haukumwagika, ulibaki umeshikamana na kiini, ukielea, naye akawa anausukumasukuma kwa kidole. Mwenzangu alicheka hadi mapovu yakamfunika uso. Mwalimu akampa kibao cha hesabu, saba mara nane. Akaandika 54, akapiga na mstari chini yake. Tulipopanda hadi mita 20 akili ilimrudia bila dawa yoyote.

Kamera ilikuwa Nikonos V ya kukodi, ile ambayo Nikon waliitoa mwaka 1984 na kuacha kuitengeneza 2001. Haikuhitaji kasha, yenyewe ilizuia maji, mradi pete zake za mpira ziwe na grisi na pasiwe na hata unywele mmoja. Kitundu cha kutazamia hakikupitia kwenye lenzi, kwa hiyo umbali ulikisia, na chini ya maji macho hudanganya: kitu huonekana karibu kuliko kilivyo. Filamu ilikuwa na picha 36, na huwezi kuibadilisha ukiwa majini. Ungemzunguka chewa, ukapima, ukaghairi, ukamrudia. “Sogea, ndugu yangu, kisha sogea tena,” ndiyo iliyokuwa nyimbo ya mwalimu kabla ya kila mbizi, kwa sababu maji yakiwa mengi kati ya lenzi na samaki, picha inakuwa bluu tupu na chembe zinazong'aa kwa fleshi.

Somo lilikuwa sahihi. Ila kwa somo hilo hakuna aliyeupiga picha mwamba.

Mapema mwaka 1998 El Niño iliichemsha bahari. Matumbawe yalitapika mwani mdogo unaoyalisha na kuyatia rangi, yakabaki meupe kama chokaa, na sehemu kubwa ikafa, Kenya hadi Shelisheli na Maldivi. Slaidi zangu za kabla ya hapo ninazo bado. Mkunga kaachama. Uso wa chewa. Kasa. Nyuma yao, giza. Ipo moja tu ambayo fleshi ilikataa kuwaka: imefifia, ya bluu, haina samaki wa maana, na ndani yake matawi ya matumbawe yamebanana hata hakuna pa kuweka kiganja. Kwa vipimo vya kozi ile, hiyo ndiyo iliyofeli.

Kijana wa leo anashuka na kadi inayomeza picha maelfu. Akikosea anaona palepale na kurekebisha, na kompyuta mkononi humlilia akipanda kwa pupa. Anaiva haraka kuliko tulivyoiva sisi, wala simwonei choyo. Kinachoniudhi ni macho kugandia kioo. Nimemwona mmoja pale Dania akiwapiga kolekole walewale bila kukoma, mshale wa hewa umeshaingia kwenye nyekundu, mpaka kiongozi akamshika mtungi. Akarudi juu na kolekole wengi na hajui kama sitaha ile imeota tumbawe hata moja.

Na joto limerudi, 2016, kisha 2024. Basi wewe utakayeshuka kaskazi hii, ukishampiga samaki wako rudi nyuma kidogo, zima fleshi, upige mwamba mzima, na uandike tarehe na mahali. Na mwenye slaidi za kabla ya 1998 kwenye kasha la baba yake asizitupe, hata zile mbovu. Taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, iko Mombasa; awapelekee nakala.