Kabla ya programu au mhasibu, daftari la duka linasemaje?

Machi inapokaribia, nyumba nyingi zenye duka, genge au mashine ya kusaga huwa na mjadala mmoja: makadirio ya kodi ya mwaka huu yafanywe na nani? Wenye watoto waliosoma huambiwa kwamba siku hizi kila kitu kipo kwenye simu. Mfumo wa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) uko mtandaoni na programu za kuweka hesabu zinapakuliwa bila malipo. Wengine husema kodi si jambo la kujaribia, atafutwe mhasibu alipwe chake, watu walale usingizi.

Kisiwani, wilayani Same, mjadala huo uliingia katika nyumba ya mwalimu wa shule ya msingi na mke wake mwenye duka la rejareja. Duka si kubwa. Lina sukari, sabuni, mafuta ya kula ya kupima, mchele wa Ndungu, daftari na kalamu za wanafunzi. Leseni na namba ya mlipakodi, yaani TIN, vyote vina jina la mama. Lakini kwa muda mrefu mambo ya ofisini yalikuwa ya baba, kwa sababu yeye ndiye aliyezoea karatasi.

Mwaka wa kwanza wa makadirio walikwenda wote wawili Same mjini. Walipoulizwa mauzo ya siku ni kiasi gani, baba alijibu haraka, "Tuseme elfu thelathini." Mama alijua si kweli. Sh30,000 zilipatikana siku za mnada au shule zikifunguliwa. Siku nyingine nyingi duka halikufika hata nusu yake. Lakini hakutaka kumsahihisha mumewe mbele ya watu, akanyamaza.

Ukimya huo ulikuwa na bei. Sh30,000 kwa siku, siku 30 kwa mwezi, miezi 12, ni Sh10.8 milioni kwa mwaka. Kwa viwango vya Sheria ya Fedha ya 2019 kwa wafanyabiashara wadogo, mtu mwenye mauzo ya kati ya Sh7 milioni na Sh11 milioni ambaye hana kumbukumbu hulipa Sh250,000. Familia ikaondoka na deni hilo, kulipwa kwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Kila awamu ni Sh62,500.

Awamu ya kwanza ililipwa kwa fedha iliyowekwa kwa ajili ya bweni la mtoto wao wa kidato cha tatu. Hapo ndipo maneno yalipoanza nyumbani.

"Mama watoto, tutafute mhasibu," alisema baba. Alikuwa ameelekezwa kwa mmoja wa Same aliyetaka Sh120,000 kwa mwaka.

Binti yao mkubwa, anayesoma chuo Moshi na aliyekuwa likizo, aliona hiyo ni fedha ya kutupa. "Baba, mimi nitaweka programu kwenye simu ya mama. Inajumlisha yenyewe."

Akaipakua siku hiyo hiyo. Programu ikafunguka vizuri, ikauliza jina la biashara, kisha ikauliza mauzo ya mwezi uliopita. Hakuna aliyekuwa na jibu. Kesho yake baba akampigia simu mhasibu. Mhasibu alisikiliza, kisha naye akauliza, "Mama ana daftari la mauzo?" Mama alikuwa na daftari moja tu, la wanaokopa.

Mashine na mtaalamu, mmoja wa bure na mwingine wa Sh120,000, walikwama mahali pamoja. Programu hujumlisha kile ulichoingiza, na mhasibu hupanga kile ulichompa. Mauzo ya duka la Kisiwani anayajua aliyesimama nyuma ya kaunta siku hiyo, na asipoyaandika jioni, kesho hata yeye atakuwa anakisia.

Ni rahisi kudanganyika kwa kutazama nchi nyingine. Marekani, familia nyingi hujaza ritani zao kwa programu kama TurboTax na kumaliza jioni moja. Lakini huko mwajiri na benki huwa wamekwisha kumtumia mtu karatasi zenye tarakimu zake, na programu inazipokea tu. Kwetu, anayefanana na mtu huyo ni mwalimu mwenyewe. Kodi ya mshahara wake hukatwa na mwajiri kabla haijamfikia, hivyo hakuwahi kulazimika kuandika chochote. Labda ndiyo maana aliona kutaja "elfu thelathini" ni jambo dogo.

Jirani zetu Kenya wana somo lingine. Huko kila mwenye namba ya kodi ya KRA anatakiwa kuwasilisha ritani kwenye mfumo wa iTax kabla ya Juni 30, na mtu binafsi akichelewa faini huanzia Sh2,000 za Kenya. Wengi huenda kwa vijana wa saiba na kulipa kidogo wajaziwe. Wapo waliokuja kugundua kwamba walijaziwa ritani ya sifuri, yaani hawana kipato chochote, huku mwajiri wao akiwa amewakata kodi mwaka mzima. Kijana alibonyeza palipokuwa rahisi, lakini jina lililo kwenye ritani ni la mwenye namba.

Kisiwani nako mchaguo huo wa tatu upo, ingawa hautajwi mtu anapouliza "programu au mhasibu". Ni kijana wa steshenari. Binti alipojaribu kuingia kwenye akaunti ya mama ya TRA, mfumo ulituma namba ya uthibitisho kwa ujumbe mfupi. Simu ya mama haikuita. Ujumbe ulikwenda kwenye namba ya kijana aliyemsajilia TIN miaka mitatu nyuma, ambaye aliweka namba yake mwenyewe "ili mambo yaende haraka" na baadaye akahamia Dar es Salaam. Kama kungekuwa na taarifa ya deni au riba, angeisoma yeye. Mama alilazimika kupanda gari hadi Same na kitambulisho chake cha NIDA ili namba ibadilishwe. Na usajili wa TIN, ambao kijana alimtoza, TRA huufanya bure.

Baada ya hapo familia iliacha kubishana kuhusu programu na mhasibu kwa muda. Mwalimu alichukua kaunta buku, akalichorea mistari kama anavyochora ubaoni: tarehe, mauzo ya fedha taslimu, mauzo ya simu, mauzo ya mkopo, manunuzi, matumizi. Mwisho akaongeza safu ambayo mama aliidai: vilivyoliwa nyumbani. Sukari ya chai, sabuni ya kufulia na biskuti za mdogo wao vilikuwa vikitoka dukani kila siku bila kuandikwa, na mali ilikuwa ikipungua kuliko fedha. Daftari lilianza Mei. Kila jioni kabla ya kufunga mlango mama aliandika, na mara moja kwa wiki binti akiwa Moshi alipokea picha ya ukurasa na kuingiza tarakimu kwenye programu.

Miezi kumi baadaye, kufikia mwisho wa Februari, jumla ya mauzo ilikuwa Sh4,650,000. Wastani ni Sh465,000 kwa mwezi, sawa na Sh5,580,000 kwa mwaka. Mwenye mauzo ya kati ya Sh4 milioni na Sh7 milioni asiye na kumbukumbu hulipa Sh100,000. Mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kile kinachozidi Sh4 milioni. Kwa duka hili kilichozidi ni Sh1,580,000, na asilimia 3 yake ni Sh47,400.

Weka tarakimu tatu pamoja. Walilipa Sh250,000. Kama baba angetaja mauzo ya kweli, hata bila daftari, wangelipa Sh100,000. Wakiwa na daftari ni Sh47,400. Kwa hiyo majivuno ya sekunde mbili dirishani yaliwagharimu Sh150,000, na kutokuwa na daftari kuliwagharimu Sh52,600 nyingine. Ile Sh120,000 ya mhasibu, kwa duka la ukubwa huu, ni zaidi ya mara mbili ya kodi yenyewe.

Mzazi anaweza kuuliza, kwa nini hawakupinga? Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inampa mlipakodi siku 30 za kuweka pingamizi tangu apewe makadirio. Lakini pingamizi linataka ushahidi, na wao hawakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha. Siku 30 zilipita wakilalamika sebuleni.

Upareni si wageni wa jambo hili. Katika miaka ya 1940, serikali ya mkoloni kupitia machifu ilileta kodi iliyopangwa kwa kukadiria mali ya kila mtu. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare walishuka Same na kupiga kambi makao makuu ya wilaya, na baadaye wanawake wa Usangi nao waliingia katika mgogoro huo. Mwanahistoria Isaria Kimambo aliuandikia kitabu, akakiita kwa jina la kodi hiyo, *Mbiru*. Wazee wale hawakugomea kulipa kodi yote. Waligomea kukadiriwa kwa macho ya mtu mwingine, kwa hesabu wasiyoielewa. Kodi ile iliondolewa. Leo mjukuu wao hana haja ya kupiga kambi. Anayo haki ya kwenda na hesabu yake mkononi, ila sharti awe nayo.

Machi iliyofuata mama alikwenda Same mwenyewe. Baba alibaki darasani. Dirishani alifungua daftari na kusoma, na pale alipoulizwa swali alionyesha risiti za muuzaji wa jumla alizozibana kwa pini mwezi kwa mwezi. Makadirio yalitoka Sh47,400. Alipewa namba ya malipo, akalipa awamu ya kwanza kwa simu akiwa bado stendi.

Je, hiyo ina maana mhasibu hana kazi? Hapana. Duka la mtu mmoja, lisilo na mfanyakazi wala deni la nyuma, linaweza kuendeshwa kwa daftari, simu na maelezo ya bure ya maofisa wa TRA. Lakini mambo yakibadilika, na mhasibu anakuwa na maana. Mauzo yakipita Sh11 milioni, kile kiwango cha asiye na kumbukumbu hakipo tena. Mkiajiri mtu, kuna makato ya mshahara. Mkisajili kampuni, mkiwa na madeni ya miaka ya nyuma, au mkitaka kuweka pingamizi, lipeni mtaalamu. Hakikisheni tu kwamba amesajiliwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA), au ni mshauri wa kodi anayetambuliwa na TRA. Mtu asiyeweza kuonyesha usajili wake ni kijana wa steshenari aliyevaa tai.

Programu nayo ni nzuri ikiwa kuna mtu mmoja nyumbani wa kuiingizia tarakimu bila kuchoka. Lakini simu huibiwa, huanguka kwenye ndoo na hupewa mtoto achezee. Kwa hiyo daftari la karatasi lisitupwe, na risiti zitunzwe kwa miaka mitano kama sheria inavyotaka. Kumbukeni pia kwamba kodi hii hupimwa kwa mauzo, si faida, na bidhaa iliyotoka kwa mkopo ni mauzo. Kupunguza tarakimu kwa makusudi si ujanja. Risiti za EFD mnazopewa na muuzaji wa jumla zikiwa na TIN yenu zinaonyesha mlinunua kiasi gani.

Wiki hii kaeni mezani kama mume na mke na mjibu maswali manne. TIN ni ya jina la nani? Namba ya simu iliyosajiliwa TRA iko mfukoni kwa nani? Nywila anaijua nani zaidi ya mtu mmoja, ili mmoja akiugua au akisafiri mwingine asikwame? Na mauzo ya jana yalikuwa kiasi gani?

Swali la mwisho likijibiwa kwa kuanza na "tuseme", msimtafute mhasibu bado wala msipakue kitu. Nunueni kaunta buku, muanze kuandika leo jioni.