Shahidi Kando ya Kidonda

Shangazi yangu wa Nyasura, Bunda, aliugua kinywa miezi mitano. Malengelenge yalichipuka na kupasuka upesi, yakaacha vidonda vilivyomnyima ugali wa muhogo na dagaa. Akapewa dawa ya fangasi, akang'olewa jino, visipone. Majirani wakanong'ona kuwa aliapa uongo katika shauri la shamba, na sasa ulimi unalipa.

Hatimaye tulifika kwa daktari wa ngozi. Alikata kinyama kando ya kidonda, mahali palipoonekana pazima. Nilipouliza sababu, alijibu kuwa pale palipokwisha kubanduka hapana ushahidi tena. Maradhi yakapata jina: pemfigasi, ambayo mara nyingi huanzia kinywani. Kingamwili, askari wa damu, hushambulia gundi iunganishayo chembe za mwili wanaopaswa kuulinda. Mwaka 1964 Beutner na Jordon, huko Marekani, walionyesha askari hao katika damu ya wagonjwa. Kabla ya dawa za jamii ya kotisoni, wengi walikufa.

Shangazi alipewa prednisoloni, akaonywa asiiache ghafula. Sukari na mifupa yake ikaangaliwa. Baada ya majuma kadhaa alikula tena, akacheka.

Furaha yangu ina doa. Majirani hawakusoma; mimi nilisoma, na waliponong'ona nilinyamaza. Daktari alimtafuta shahidi penye uzima. Sisi tulikitazama kidonda tu, tukamhukumu mwenye kinywa. Yeye hakuapa uongo. Kimya changu ndicho kilichoshuhudia uongo.