Tyubu ya Mia Mbili

Shangazi anauza chapo na madondo Kawangware, na lile duara lilitokea kwenye mkono wa kulia, ule wa kusukuma chapati. Mteja akiona ngozi yenye magamba karibu na unga hasemi kitu. Anahamia tu kibanda cha pili. Shangazi akaanza kuvaa sweta mbele ya jiko, Januari, jua la utosi.

Kwa kemisti aliuziwa tyubu ya mia mbili bila swali hata moja. Siku ya tatu mwasho ukaisha. "Sasa hiyo ndiyo dawa," akaniambia. Alipoacha kupaka, choa kilirudi kikiwa kipana, ukingo wake haueleweki, kikapanda hadi kiwiko.

Nikasoma boksi. Klotrimazole ya kuua fangasi, jentamaisini ya bakteria, na betamethasoni, ambayo ni steroidi. Hiyo ya tatu ndiyo ilimchezea. Steroidi inazima mwasho na wekundu, lakini pia inalaza kinga ya ngozi, kwa hivyo fangasi anakula raha. Madaktari wanaita hali hiyo tinea incognito. Mimi naita choa kilichovaa miwani ya giza. Ukiipaka muda mrefu, ngozi inakuwa nyembamba na kupata michirizi. (Na kuna watu wanaipaka usoni ndio wang'ae. Hiyo ni stori ya siku nyingine.)

Tukaenda hospitali ya umma na mjukuu wake mgongoni mwangu. Daktari alikwangua magamba, akayatazama kwa darubini, akaandika klotrimazole peke yake: asubuhi na jioni, wiki nne, apite kidogo ukingo wa duara, na asiache hata ngozi ikionekana safi.

"Kwani napaka nini kama ugonjwa umeisha?" shangazi akauliza.

"Umeisha kwa macho, mama."

Jirani alikuwa amempa vidonge vya ketokonazole vilivyobaki. Daktari aliviweka kando. Vinaweza kuumiza ini vibaya. Mwaka 2013 Marekani walivibana sana na Ulaya wakapendekeza viondolewe sokoni.

Kisha akamvua mtoi kofia. Mapunye. Hapo krimu haitoshi, fangasi anaingia ndani ya unywele wenyewe, kwa hivyo yeye ndiye alipewa dawa ya kunywa, griseofulvini, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta ndio iingie mwilini vizuri. Na taulo, kofia na kitana, kila mtu na chake.

Shangazi alifikiria kidogo, halafu akauliza: "Na mashine ya kinyozi, nani ataiandikia dawa?"