Kipimo cha Hatua

Mimi si askari wala si tabibu, lakini habari za afya ya wanawake walio jeshini zimenifundisha jambo kubwa juu ya kipimo. Nakuomba, msomaji, ufuatane nami kwa hatua chache.

Gwaride hupenda usawa. Askari mia huinua mguu kwa pamoja, na jicho la mtazamaji hufurahi. Lakini usawa huo una asili yake. Katika majeshi mengi, urefu wa hatua uliwekwa zamani, safu zilipokuwa za wanaume watupu. Wanawake walipoandikishwa walikuta kipimo kimekwisha kukatwa. Aliyekuwa mfupi ilimpasa kuivuta hatua kupita kiasi cha mguu wake, siku baada ya siku, na mara nyingine mzigo u mgongoni. Mfupa husamehe pigo moja. Mapigo elfu yasiyo na mapumziko huutia ufa mwembamba kama uzi.

Katika jeshi la Australia ufa huo uliwapata makuruti wanawake nyongani. Ilikuwa rahisi kunena kuwa mwanamke ni dhaifu, na kuyakomesha mazungumzo hapo. Watafiti hawakuridhika na jibu la namna hiyo. Waliuchunguza mwendo wenyewe. Mwendo wa kilometa 7.5 kwa saa ulipunguzwa ukawa 5. Safu zilipanuliwa, kila mmoja akatembea kwa hatua yake. Mbio zilihamishiwa penye ardhi laini, na mbio za masafa ya kati zikaachwa kwa mbio fupi zenye vituo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1999. Hapo kwanza, wanawake 11 hivi katika kila 100 walipata ufa wa nyonga. Baada ya mabadiliko hayo, hakufikia hata 1 katika 100.

Wahenga walisema kwamba kila ndege huruka kwa bawa lake. Methali hiyo tulikuwa nayo siku zote, lakini haikuponya mfupa mpaka alipotokea mtu wa kuhesabu na kulinganisha.

Huenda wewe, binti, utavaa sare ya jeshi siku moja. Na huenda wewe, kijana, utapewa amri juu ya wengine. Mtu akishindwa mbele yako, usifanye haraka kumlaumu. Uliza kwanza kipimo anachopimiwa kilichukuliwa katika mwili wa nani.