Madoa ya Kahawa: Yatokayo na Yasiyotoka



Huenda utashangaa kuona mtu anachukua nafasi ya gazeti kusema habari za madoa ya kahawa, kana kwamba hakuna mambo makubwa zaidi. Lakini wewe mama unayefua kanzu za watumikiaji, na wewe baba uliyekwisha kununa kwa ajili ya shati jeupe la Jumapili, mtanielewa. Doa moja la kahawa lilinitia aibu mbele ya wenzangu, kisha likanionyesha kosa jingine langu ambalo lilikuwa baya kuliko doa lenyewe. Nitakusimulia yote, na humo humo nitakuambia namna ya kuyaondoa, maana tangu siku ile nimeyaondoa mengi.

Kwetu ni Kilimanjaro, katikati ya migomba na mibuni. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misioni ya Kilema mwaka 1891, na wazee wetu husimulia kwamba mibuni ya kwanza ya mlimani ilioteshwa pale misioni. Mwaka 1933 wakulima wakawa na chama chao kikubwa cha ushirika, KNCU. Watu wamesoma na kujenga kwa fedha ya buni. Lakini nilipokuwa mtoto sisi nyumbani tulikunywa chai! Kahawa ilikuwa mali ya kuuza. Ndiyo maana wengi wetu tulijua sana kuipogoa, kuimenya na kuianika, lakini doa lake juu ya kitambaa hatukujua tulifanyeje.

Basi, mwaka 1988, Jumapili ya Matawi, akina mama wa kigango walinipa kitambaa kikubwa cha altare nikifue kwa ajili ya Pasaka. Kilikuwa cha kitani, kizito, na pindo lake lilitariziwa kwa mkono. Nilikifua Jumatatu. Masika yalikuwa yameanza, kwa hiyo kilikauka kwa shida, chini ya baraza. Jumatano nilikitia wanga, nikakipiga pasi ya mkaa, nikakitandaza juu ya meza ya sebuleni kipoe, nikijisifu moyoni.

Nilikuwa nikikaa na mtoto wa mdogo wangu, binti wa miaka 13. Mdogo wangu aliolewa upande wa Meru, na binti huyu alizaliwa na kukulia huko, akaja kwangu ili asome. Alikuwa mtoto mwema na mwepesi wa kazi. Ila meno yake yalikuwa na rangi ya kahawia, yenye mabaka, na mimi niliyachukia meno yale. Nilisema ni kahawa, ati mama yake alimzoesha kahawa tangu utoto. Nikampiga marufuku asiinywe nyumbani mwangu. Kila asubuhi nilimpa jivu na kipande cha limau asugue meno, nami nikasimama mlangoni kuhakikisha. Wageni wakija nilimwambia, “Funga mdomo, usicheke hovyo.” Naandika maneno haya kwa uchungu, lakini ndivyo nilivyosema.

Jumatano ile alikuja mgeni, nikampa kahawa ya maziwa. Alipoaga nikamsindikiza mpaka njia panda, na huko tukaongea kama kawaida yetu wanawake. Binti akawa anaondoa vikombe. Kikombe kimoja kikamponyoka, kahawa ikamwagika juu ya kitambaa cha altare.

Ungalikuwa wewe mtoto yule, ungalifanya nini? Aliogopa. Alichukua maji ya moto ya birika akayamimina juu ya doa. Akasugua kwa nguvu kwa sabuni ya mche. Kisha, ili nisikute kimelowa, akakipiga pasi mpaka kikakauka, akakikunja vizuri, doa likawa ndani. Mimi niliporudi nilikiona kimekunjwa, nikamshukuru! Jumamosi Kuu tulikifungua katika sakristia, akina mama sita na katekista, na doa likatutazama, pana kama kiganja.

Sasa tusimame kidogo hapa, maana kila alichofanya binti yule ndicho wengi wetu tunachofanya mpaka leo.

Kahawa ikiwa mbichi juu ya nguo, rangi yake bado huyeyuka katika maji. Dakika zile za kwanza ndizo zenye faida kuliko sabuni zote za dukani. Chukua kitambaa safi kikavu, kandamiza juu ya doa ili kinyonye. Usisugue, maana kusugua kunaisukuma rangi ndani ya nyuzi na kulitanua doa. Kisha igeuze nguo, mimina maji baridi kwa upande wa nyuma wa doa, ili yaisukume kahawa itoke ilikoingilia. Endelea mpaka maji yatoke meupe. Baada ya hapo paka sabuni ya unga iliyokorogwa kwa maji, acha nusu saa, fua. Wajuzi wa nguo husema sabuni ya mche yaweza kulishikiza doa bichi la kahawa, basi ianze ile ya unga.

Kama kahawa ina maziwa, maji ya moto ni adui kabisa. Maziwa huganda kwa moto kama yai linavyoganda katika kikaango, nayo hugandia ndani ya nguo. Anza na maji baridi. Na pasi, ndugu yangu, isikaribie doa lo lote ambalo halijatoka. Nguo ikikauka na doa bado linaonekana, irudishe majini.

Doa la zamani halitoki kwa siku moja. Loweka usiku kucha katika maji ya sabuni ya unga. Likibaki, changanya siki nyeupe kijiko kimoja na maji vijiko viwili, lowesha doa, acha robo saa, suuza. Kwa pamba nyeupe au kitani cheupe, maji ya limau na jua kali husaidia sana; kwa kanga na vitenge usijaribu, jua na limau vitakula rangi. Wengi hukimbilia jiki. Kwa pamba nyeupe inafaa, ikitiwa maji mengi na kusuuzwa vizuri. Lakini sweta, blanketi la sufu na hariri huharibika na kuwa manjano. Tena sikia neno hili kwa makini: usichanganye kamwe jiki na siki au limau. Humo hutoka hewa ya sumu inayokaba kifua, na katika chumba kidogo yaweza kuua. Tumia moja, suuza kabisa, na nyingine ingoje siku nyingine.

Vikombe na meza havinipi kazi kubwa. Kikombe cha kaure chenye weusi ndani kisugue kwa kitambaa kilicholowa na magadi kidogo, au jivu laini lililochekechwa. Mchanga usitumie, hukwaruza, na penye mikwaruzo ndipo weusi hushika zaidi. Meza ya mbao isiyopakwa rangi hunywa kahawa kama mlevi anywavyo mbege. Ifute mara moja, na kama doa limekwisha kuingia, pitisha msasa laini kwa kufuata nyuzi za mbao. Sakafu ya saruji, sabuni na brashi basi.

Narudi kwenye Jumamosi Kuu. Tuliazima kitambaa cha zamani, Kesha la Pasaka likaadhimishwa. Lakini mimi nilifika nyumbani nikiwa na hasira, na binti hayupo. Nilimwita, kimya. Giza lilikuwa limeingia na mvua inanyesha. Nilimkuta katika ghala, amejikunyata nyuma ya magunia ya buni. Nikamwuliza, kwa nini hukuniambia siku ile ile? Akajibu, “Mama Mkubwa, wewe husema mimi ni mchafu hata meno. Niliogopa kuongeza.”

Sikuwa na la kusema. Kama angaliniambia nikiwa bado njiani, doa lingalitoka kwa ndoo mbili za maji baridi. Lililolikausha doa lile ni woga, na woga ule ulitoka kwangu.

Mwezi uliofuata alikuja daktari wa meno katika zahanati, nikampeleka, maana binti alikuwa akilalamika kwamba maji baridi yanamwuma meno. Nilimweleza daktari habari ya kahawa. Akatazama kinywa kwa muda, akaniuliza mtoto amekulia wapi. Nilipomtajia upande wa Meru, akatikisa kichwa. Akasema, hii si kahawa hata kidogo. Ni floraidi, madini yaliyomo katika maji ya sehemu nyingi za Arusha na Kilimanjaro, na pia Manyara na Singida. Kidogo chake huimarisha meno, lakini mtoto akiyanywa mengi wakati meno ya ukubwani yanaumbwa ndani ya ufizi, jino hutoka likiwa na mabaka tayari. Hata magadi tunayotia katika maharage na makande huongeza madini hayo. Rangi imo ndani ya jino, wala haikupakwa juu.

“Na hili jivu na limau,” akaniuliza, “ni nani aliyemshauri?”

Nilinyamaza. Limau ni asidi, hulainisha tabaka gumu la nje la jino. Jivu likifuata hulikwangua. Tabaka hilo likiisha haliroti tena. Ndiyo sababu maji yalimwuma. Kumbe miezi yote ile nilikuwa nafua doa ambalo si doa, na kuitoboa nguo.

Kwa hiyo, msomaji, kwanza ujue unaona nini. Weusi wa kahawa katika meno hukaa juu, hasa penye utando wa chakula usiopigwa mswaki. Kunywa maji au sukutua mara baada ya kahawa, piga mswaki mara mbili kwa siku kwa brashi laini na dawa ya meno, na ukipata nafasi mtaalamu akusafishe ukoga uliokauka. Hivyo tu. Mkaa, mchanga, limau, jiki (nimesikia hata hiyo!), viache kabisa. Lakini mtoto aliyeota meno ya ukubwani yakiwa na mabaka ya kahawia tangu mwanzo, na wenzake wa kijiji kile kile wanayo hayo hayo, usimsugue wala usimcheke. Mpeleke kwa daktari wa meno. Siku hizi wanaweza kuyafunika au kuyapunguza. Na wadogo zake utazame maji yao. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 za floraidi katika lita moja. Kuchemsha hakuyaondoi madini hayo, maana maji hupungua na madini hubaki. Maji ya mvua yaliyokingwa katika pipa safi hayana shida hiyo, na pale Ngurdoto, wilaya ya Arumeru, wataalamu wamefanya kazi miaka mingi ya kuchuja floraidi kwa makaa ya mifupa. Mtoto wa chini ya miaka minane ndiye wa kumkingia maji kwanza, maana meno yake ya ukubwani bado yanaumbwa.

Jioni ya siku ile nilichemsha kahawa, nikamminia binti kikombe kilichojaa, na sukari. Alinitazama kwanza kama anayetegwa. Kisha akanywa.

Kitambaa tulikifua sote wawili, mara tano, mpaka Julai. Tulikiloweka, tukakitia siki, na siku nyingine tukakianika juani kwa limau. Doa lilififia likabaki kivuli cha manjano ambacho usipoonyeshwa hukioni, tukakitandika upande huo ukiwa nyuma. Maumivu ya meno yake yalipungua, lakini hayakwisha, na hata leo hanywi maji baridi bila kuyapitisha upande mmoja wa kinywa.

Sasa ana watoto watatu na tangi la maji ya mvua. Juzi juzi alinipigia simu kwamba kahawa ya maziwa imemwagika juu ya blanketi la sufu, na mkubwa wao amekuja mwenyewe kumwambia. Nikamwambia maji baridi, kwa upande wa nyuma, na jiki isiguse sufu. Akasema hayo anayajua, alipenda tu kunisimulia.