Butura

Siku ya kwanza darasani kila mmoja wetu aliombwa ajitambulishe na kusema atokako. Zamu yangu ilipofika nikasema natoka Bukoba. Ulikuwa uongo mdogo wa kurahisisha mambo, maana ni wangapi jijini Dar es Salaam waijuao Nyabiyonza ya Karagwe? Hata hivyo uliniwasha mchana kutwa.

Nilikuwa nimepata ufadhili wa mwaka mmoja katika shule ya biashara, kusomea maendeleo ya uchumi wa miji. Nilipokuwa naaga kijijini mzee mmoja aliniuliza, "Sasa mwanangu, utaendeleza mji gani, na sisi ni wakulima?" Nilicheka tu.

Juma la pili tulipelekwa Kariakoo. Tulielezwa jinsi jina hilo lilivyotokana na wapagazi wa jeshi la Waingereza wa Vita Kuu ya Kwanza, na jinsi soko lililochorwa na Beda Amuli lilivyofunguliwa mwaka 1975 na kuungua Julai 2021. Ni mambo mazuri kuyajua, lakini mimi nilimtazama mama mmoja muuza ndizi. Alitueleza kwamba kila asubuhi huianza siku na deni, ile mikopo iitwayo kausha damu, na jioni mkopeshaji hupita kuchukua chake kabla hata ya nauli. Wenzangu waliandika haraka haraka. Mmoja akasema hayo ni ya mijini. Vijijini watu husaidiana.

Nikanyamaza. Kwetu, ndugu msomaji, iko butura. Mkulima mwenye shida huuza kahawa ingali maua au changa mtini, kwa bei ya kutupa, na wakati wa mavuno mnunuzi huja kuichukua. Serikali imeipiga marufuku mara nyingi, nayo haifi. Baba yangu aliuza butura ili nipate karo. Hadithi hiyo ningeweza kuisimulia darasani nikaonewa huruma.

Nisiyoweza kuisimulia ni hii: nilipopata ajira Kayanga, nami nilinunua butura. Niliinunua kwa mjane, jirani yetu, ambaye mtoto wake alikuwa amelazwa. Nilimpa fedha za magunia mawili ya maganda, pungufu ya nusu ya bei niliyokuja kuuzia. Sikumlazimisha. Alipokea kwa mikono miwili, akapiga magoti kunishukuru. Nauli iliyonifikisha Dar es Salaam ilitoka humo.

Katika insha yangu ya kwanza niliandika habari hiyo, ila nikamwita mhusika "mnunuzi mmoja". Mwalimu aliirudisha na wino mwekundu pembeni: "Mfano mzuri. Mnunuzi huyu alikuwa akifikiri nini?" Mpaka leo sijajibu.

Mwezi Januari mjane yule alinipigia kwa simu ya mwanawe. Kahawa imezaa vizuri, akasema, naye ana shida ya fedha. "Kuna mtu anakuja kesho kuiona. Lakini wewe ni wa kwetu, nikaona nikuambie kwanza."

Nikamwuliza anahitaji kiasi gani. Akataja. Nilikuwa nacho. Nikamwambia nitamtumia jioni hiyo hiyo, na akishavuna na kuuza mwenyewe, anirudishie kiasi kile kile, bila nyongeza.

Akakaa kimya kidogo. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, "Haya, na kahawa utaijia lini?"